Laptopu inaamka, SSD haiamki: tumtafute mchawi

MfasiriDom
Wakuu, salamu kwenu. Nimehangaika wiki ya tatu sasa, naombeni mawazo.

Nina laptopu ya mtumba niliyoichukua Kariakoo mwaka juzi (chapa siitaji, nisije nikaonekana naharibu biashara ya mtu). Ilikuja na SSD ya NVMe ya GB 256, ndiyo diski yake. Naendesha Ubuntu 24.04. Kazi yangu ni tafsiri, kwa hiyo kutwa nzima nafunga kifuniko, napanda daladala, nafika, nafungua, naendelea nilipoishia.

Tatizo liko hivi. Nikifungua kifuniko skrini inawaka, saa inatembea, mshale unasogea. Ukiangalia unasema mzima huyu. Sasa bofya kitu. Hakifunguki. Kwenye terminali iliyokuwa wazi nikiandika `ls` najibiwa:

`bash: /usr/bin/ls: Input/output error`

Hata kuizima kwa amri inagoma, nabaki kushikilia kitufe. Mara nyingine inaamka vizuri mara tatu mfululizo, ya nne inakata kamba. Juzi nimepoteza kurasa sita za mkataba wa watu.

Nimeshaweka `nvme_core.default_ps_max_latency_us=0` kwenye GRUB (programu inayowasha Linux) kama wanavyoshauri kila mahali. Haijabadilisha kitu. Nawasilisha.

ChapaKazi
Diski hiyo imekwisha mkuu. Nunua nyingine ulale usingizi.

fundi_wa_mtaa
Kwani lazima ilale? Zima, washa. Sekunde ishirini tu.

MfasiriDom
@fundi_wa_mtaa nikizima nafunga madirisha kumi na tano, kamusi nne na faili mbili za mteja zikiwa zimekaa sambamba. Kuyapanga upya ni nusu saa. Ndiyo maana watu walibuni kulala.

@ChapaKazi nimeipima. `nvme smart-log`, ripoti ya afya ya diski, inasema percentage_used 6%, media_errors 0, yaani haijachakaa wala haina makosa. Kinachonitisha ni `unsafe_shutdowns : 43`. Hizo zote ni mimi na kitufe.

Mzee wa Terminali
MfasiriDom, SSD yako haijafa. Kama ingekuwa imekufa ingekufa hata mchana ukiwa unachapa. Hii inakufa usingizini tu, na hapo anayeshukiwa kwanza ni femuwea ya diski yenyewe: ile programu ndogo iliyo ndani ya diski inayoamua izime nini na iamshe nini.

Kabla hatujagusa kitu nipe haya:

`cat /sys/power/mem_sleep`
`sudo nvme id-ctrl /dev/nvme0 | grep -E "^fr |npss|^ps"`
na mistari ya `dmesg` (logi, yaani taarifa za mfumo) ya wakati ule inapoamka vibaya.

MfasiriDom
Mzee, shikamoo. Majibu ya kwanza haya:

`[s2idle]`
`npss : 4`, na hali ya mwisho imeandikwa `ps 4 : mp:0.0050W non-operational enlat:5000 exlat:45000`

Logi ndiyo sina. Nikiwasha upya nikiangalia `journalctl -b -1`, mstari wa mwisho ni ule wa kuingia kulala. Baada ya hapo kimya.

Bi Kasuku
Hiyo ya logi kupotea inawachanganya wengi, ngoja niidakie. Mwanangu, logi inaandikwa wapi? Kwenye diski. Na aliyekufa ni nani? Diski. Basi shahidi amezikwa na marehemu.

Fanya hivi. Chukua flashi yenye Ubuntu ile ya majaribio. Kwenye menyu ya kuwasha bonyeza `e`, mwisho wa mstari wa `linux` ongeza neno `toram`. Mfumo mzima utahamia kwenye RAM, SSD yako haitakuwa na kazi yoyote. Fungua terminali, mount SSD kwa kusoma tu, acha `sudo dmesg -w` ikitiririka, kisha ilaze laptopu. Ikiamka, hata SSD ikiwa imekwenda na maji wewe bado una mfumo unaopumua na logi yote mbele yako.

Hapa kazini Unguja tuna mashine za aina nyingi, na hii imetuokoa zaidi ya mara moja. Kabla ya hapo tulikuwa tunapiga picha skrini kwa simu kama wapelelezi.

Mzee wa Terminali
Bi Kasuku amenifundisha na mimi. Fanya alivyosema. Na badala ya kufunga na kufungua kifuniko mara ishirini, tumia saa ya bodi ikuamshie:

`sudo rtcwake -m freeze -s 30`

Inalala sekunde 30 inaamka yenyewe. Ukiirudia mara kumi utajua.

MfasiriDom
Asanteni wote! Jaribio la tano imedondoka, na safari hii nimemkamata:

`nvme nvme0: Device not ready; aborting reset, CSTS=0x1`
`nvme nvme0: Disabling device after reset failure: -19`

halafu EXT4 (mfumo wa faili) ikaanza kulalamika. Ukitafuta `/dev/nvme0n1` haipo kabisa, kama haijawahi kuwekwa.

Mzee wa Terminali
Safi sana. Sasa tuna cha kuzungumza. Nitaandika kirefu kidogo, mnisamehe, maana hapa ndipo watu wengi wanabandika parameta tano za mtandaoni bila kujua ipi inafanya nini.

Kwanza hiyo CSTS. Ni rejista ya hali ya kidhibiti cha NVMe. `0x1` maana yake diski bado iko kwenye basi la PCIe (njia inayoiunganisha na bodi) na inasomeka, inasema "niko tayari", ila ikiambiwa jizime ujiwashe upya haitii. Ingekuwa imepotea kabisa ungeona `0xffffffff`, kwa sababu ukisoma mahali ambapo hapana mtu PCIe inakurudishia biti zote zikiwa 1, ndizo hizo f. Ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake zinapingana. Shika hapo.

Pili, keneli (kiini cha Linux) inailazaje diski? Zamani laptopu zilikuwa na usingizi wa S3: BIOS (programu ya bodi) inakata umeme karibu kila mahali na kubakiza RAM. Diski ilikuwa inazimwa kama vile unazima mashine, ikiamka inaanzishwa upya. Laptopu nyingi mpya zimeondolewa S3. Yako ni mojawapo, ndiyo maana `mem_sleep` imekupa `s2idle` peke yake bila `deep`. Kwenye s2idle BIOS haikati umeme kila mahali. Kila kifaa kinatakiwa chenyewe kijikunyate kitumie kidogo iwezekanavyo.

Kuanzia keneli 5.3 ya mwaka 2019, kwenye s2idle draiva ya NVMe (sehemu ya keneli inayoiendesha diski) haiizimi diski. Inaiambia ishuke kwenye hali ya mwisho kabisa ya umeme mdogo, kwako hiyo `ps 4` ya wati 0.005, kisha inaliambia tabaka la PCI lisiiguse. Kwenye kuamka inairudisha hali iliyokuwepo. Ni haraka, na kwa diski nyingi ni sawa kabisa. Diski yenye femuwea mbovu inashuka kule chini vizuri, kupanda inashindwa.

Na hapa ndipo jibu la kwa nini parameta yako haikusaidia. `default_ps_max_latency_us` inahusu APST, yaani ule usinzishaji wa mchana, diski ikikaa bila kazi inashuka yenyewe. Huo uliingia keneli 4.11, mwaka 2017. Ukiuweka 0 umezuia kusinzia mchana. Wakati wa kulaza mashine draiva haiulizi APST, inaamuru hali ya mwisho moja kwa moja. Ulikuwa unafunga dirisha, mwizi anaingilia mlangoni.

fundi_wa_mtaa
Mzee leo ameamka na darasa. Sasa dawa?

Mzee wa Terminali
Dawa baada ya kipimo. Mtu ana homa, humpi dawa ya malaria kwa kumwangalia usoni.

MfasiriDom, bado uko kwenye flashi? Jaribu hii:

`echo devices | sudo tee /sys/power/pm_test`
`echo freeze | sudo tee /sys/power/state`

Hii ni ajali ya kuigiza. Keneli inavilaza vifaa, inasubiri sekunde 5, inaviamsha, na haiendi mbele zaidi. Ngazi ya `devices` inaishia kabla PCI haijagusa umeme wa kifaa. Kwa hiyo ikidondoka hapo, tatizo ni amri ya hali ya umeme yenyewe, wala si kukatwa umeme wa basi. Ukimaliza rudisha `echo none` kwenye pm_test, usije ukashangaa kesho laptopu inalala sekunde tano.

MfasiriDom
Mara ya pili tu imedondoka. CSTS=0x1 ileile.

Mzee wa Terminali
Mchawi huyo. Femuwea yako haiwezi kutoka `ps 4` inapoamriwa hivyo. Hauko peke yako wala si jambo la ajabu. Ndani ya msimbo wa keneli, faili ya `drivers/nvme/host/core.c`, kuna orodha ya diski zenye vituko vyao, na mbili kati yake zimetajwa kwa toleo kamili la femuwea, `22301111` na `E8FK11.T`, zote kwa makosa yanayohusu usingizi wa s2idle. Zimewekewa alama ya `NVME_QUIRK_SIMPLE_SUSPEND`. Maana yake: usiibembeleze hii, izime kabisa, ukiamka iwashe upya kama mashine imewashwa asubuhi.

Yako haimo kwenye orodha, basi inabidi tuilazimishe draiva ipite njia hiyohiyo. Na hapa kuna siri ndogo. Draiva inachagua njia ya kuzima kabisa kwenye hali kadhaa: kama ni S3 ya kweli, kama diski haina hali za umeme mdogo, kama ina ile alama, au kama ASPM imezimwa kwenye laini ya diski hiyo. ASPM ni kule kusinzia kwa laini ya PCIe yenyewe. Ikiwa imezimwa, draiva inaona hakuna faida ya kuibakiza diski macho, inaizima.

Ndiyo maana `pcie_aspm=off` huwasaidia watu wengi kwenye matatizo haya bila wao kujua kwa nini. Jaribu kwanza kwa njia ya kibabe, iweke kwenye GRUB, `sudo update-grub`, washa upya, rtcwake mara ishirini.

MfasiriDom
Mara ishirini na tano. Imeamka zote. ZOTE. Mzee nakuletea zabibu za Dodoma debe zima.

ChapaKazi
Uzi ufungwe.

Bi Kasuku
Usifungwe kwanza. Mwanangu, angalia betri siku mbili tatu halafu uje useme.

MfasiriDom
Siku tatu baadaye.

Bi Kasuku alijua. Inaamka kila mara, sina ugomvi. Lakini mchana betri iliyokuwa inanipeleka karibu saa tano sasa haifiki nne, na pale chini ya kiganja cha kushoto pamekuwa pa moto. Nimeipata njia ya kulala, nimepoteza njia ya kukaa macho.

Pwani_Root
Niaje watu wangu. Mimi niko Mombasa, nimesoma uzi wote nikajua hapa ndio kwetu. Yangu inafanana lakini kuna kitu hakilingani. Mimi naona:

`nvme 0000:01:00.0: Unable to change power state from D3cold to D0, device inaccessible`
`nvme nvme0: controller is down; will reset: CSTS=0xffffffff`
`nvme nvme0: Does your device have a faulty power saving mode enabled?`

Halafu keneli yenyewe inanishauri niweke latency 0 na pcie_aspm=off. Nimeweka zote mbili. Wapi! Nimeanza hata kushuku jini la bahari.

Mzee wa Terminali
MfasiriDom nisubiri, nimjibu huyu kwanza maana ni kinyume chako kabisa.

Pwani_Root, hizo f zote ndizo nilizosema juu. Diski yako haipo kwenye basi, na ule ushauri wa keneli umetokea kwa sababu ya hizo f. Ushauri si mbaya, ila umeandikwa kwa watu wote na wewe si watu wote. Nipe:

`sudo dmesg | grep -i "simple suspend"`

Pwani_Root
`nvme 0000:01:00.0: platform quirk: setting simple suspend`

Mzee wa Terminali
Ndiyo. BIOS ya laptopu yako ina alama inayoiambia keneli "diski iliyo kwenye nafasi hii izimwe kabisa ukilala". Keneli ikatii. Diski ikazimwa, umeme wa laini ukakatwa, hiyo ndiyo D3cold, na femuwea yako ikiamshwa kutoka gizani hairudi. Ukiongeza `pcie_aspm=off` unaisukuma kwenye njia ileile ambayo tayari inaiua. Dawa ya MfasiriDom ni sumu kwako.

Una njia mbili. Ya kwanza, ikatalie BIOS: weka `nvme.noacpi=1` kwenye GRUB, uondoe zile nyingine mbili. Draiva itapuuza ile alama na kutumia njia ya hali ya umeme mdogo. Ya pili, kubali izimwe lakini umeme wa basi usikatwe:

`echo 0 | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/d3cold_allowed`

Hii ya pili inapotea ukiwasha upya, kwa hiyo ikikufaa iweke kwenye kanuni ya udev, inayotumika kila mashine ikiwaka. Anza na ya kwanza. Jaribu moja, pima, ndipo ujaribu nyingine. Ukizitia zote kwa pamoja hutajua ipi ilikuponya.

Pwani_Root
Poa sana mzee. Narudi usiku, hapa stima zimeenda.

Mzee wa Terminali
Sasa MfasiriDom. Hutaki ASPM izimwe siku nzima. Unataka izimwe ile sekunde draiva inapochagua njia, basi. Draiva inaangalia ASPM wakati uleule wa kulala, wala haikumbuki ya asubuhi. Na ASPM inaweza kubadilishwa mashine ikiwa inatembea:

`cat /sys/module/pcie_aspm/parameters/policy`

Utaona `[default] performance powersave powersupersave`. Neno lenye mabano ndilo linalotumika. Ukiandika `performance` humo, ASPM inazimwa kwenye laini zote.

systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) ina folda ambayo kila skripti iliyomo huitwa kabla ya kulala na baada ya kuamka. Tengeneza `/usr/lib/systemd/system-sleep/aspm-diski`:

```
#!/bin/sh
P=/sys/module/pcie_aspm/parameters/policy
case "$1" in
  pre)  sync; echo performance > "$P" ;;
  post) echo default > "$P" ;;
esac
```

Kisha `sudo chmod 755` juu yake. `pre` ni kabla, `post` ni baada. `sync` haihitajiki kwa kazi hii. Nimeiweka kwa ajili ya zile kurasa sita za mkataba.

MfasiriDom
Mzee imenigomea. Nimejaribu kwanza kwa mkono kabla ya skripti:

`tee: /sys/module/pcie_aspm/parameters/policy: Operation not permitted`

Na ni sudo kabisa.

Bi Kasuku
Umeondoa `pcie_aspm=off` kwenye GRUB?

MfasiriDom
…

Nimeona aibu. Narudi.

Bi Kasuku
Usione aibu, na mimi lilinipata. Ukishaiambia keneli `off` wakati wa kuwaka, inajitoa kabisa kwenye mambo ya ASPM na hairuhusu mtu aibadilishe. Ondoa, update-grub, washa upya. Ikigoma hata hapo basi ni BIOS ndiyo iliyoshikilia, na hilo ni suala jingine.

MfasiriDom
Imekubali. Nimeweka skripti, nimeilaza kwa rtcwake mara thelathini nikiwa napika. Mara thelathini imeamka. Na mchana ASPM iko vilevile kama zamani, kiganja kimepoa.

Swali moja la kijinga. Nitajuaje kama kweli imepita ile njia ya kuzimwa, na si bahati tu?

Mzee wa Terminali
Si la kijinga hata kidogo, watu wengi hawaulizi. Angalia mbili. Kwanza dmesg ya baada ya kuamka: diski ikiwa imezimwa na kuwashwa upya utaona draiva inapanga tena foleni zake, mstari wa `nvme nvme0: 8/0/0 default/read/poll queues` au namba zinazolingana na viini vya prosesa yako. Kwenye njia ya kubembeleza mstari huo hautokei. Pili, rudi kwenye `pm_test` ya `devices`, lakini kabla yake andika `performance` kwenye policy kwa mkono, kwa sababu ukiandika moja kwa moja kwenye `/sys/power/state` skripti ya systemd haiitwi.

Hapohapo nikukumbushe kwamba hata `rtcwake -m freeze` inapita moja kwa moja kwenye keneli, haipiti systemd. Sasa niambie, zile mara thelathini ulitumia nini?

MfasiriDom
Uuuwi.

rtcwake -m freeze.

Mzee wa Terminali
Hahaha. Basi mara thelathini hizo ulikuwa unacheza kamari na ukashinda. Tumia hii:

`sudo rtcwake -m no -s 40 && systemctl suspend`

Ya kwanza inatega saa tu, ya pili inalaza kwa njia ya systemd na skripti yako inaitwa.

MfasiriDom
Nimerudia. Mara ya kwanza kabisa nimeuona ule mstari wa foleni, `4/0/0`, na unarudi kila ikiamka. Kwa hiyo sasa ni kweli. Nimefanya ishirini nyingine nikiwa nimekaa macho, sipiki chochote.

fundi_wa_mtaa
Naomba kuuliza tu kwa ustaarabu. Yote haya si mtengenezaji angetoa femuwea mpya watu wakapumzika?

Bi Kasuku
Hilo ndilo la kwanza kufanya kila mara, na nimekosa kulisema mapema. `fwupdmgr refresh`, halafu `fwupdmgr get-updates`. Kama diski yako iko kwenye LVFS, hifadhi ya femuwea ya mtandaoni, utaletewa humohumo kwenye Linux bila kuhangaika. Weka nakala ya data kwanza. Femuwea ya diski si programu ya simu, ikikatika umeme katikati unaweza kubaki na kipande cha plastiki. Hakikisha chaja imechomekwa na betri imejaa.

Shida ya hizi diski za mtumba ni kwamba nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya kampuni ya laptopu fulani. Ukienda kwa mtengenezaji wa diski anakwambia hiyo si yetu, nenda kwa wa laptopu. Ukienda kwa wa laptopu anakupa programu ya Windows inayokataa kuwaka kwa sababu diski haiko kwenye mashine iliyozaliwa nayo.

MfasiriDom
Nilijaribu wiki ya kwanza. `No updates available`.

Mzee wa Terminali
Basi kuna kazi moja imebaki, na hii ni ya kuwasaidia wenzako. `lspci -nn` itakupa namba mbili za diski yako, ya mtengenezaji na ya kifaa. Ukizituma kwa watunzaji wa draiva ya NVMe pamoja na toleo la femuwea, logi yako ya CSTS na matokeo ya pm_test, wakikubali inaongezwa kama mstari mmoja kwenye jedwali lililomo ndani ya `pci.c`. Mwenye diski kama yako hatahitaji skripti yoyote. Andika kwa kifupi, weka logi kama maandishi na si picha, na usiwatukane waliotengeneza diski hata kama roho inawaka.

MfasiriDom
Nitaituma wikendi. Kiingereza ndicho kinachoniwekea ugali mezani, kwa hilo niko vizuri.

Pwani_Root
Wazee, `nvme.noacpi=1` imefanya. Usiku mzima imelala, asubuhi imeamka bila drama. Ila betri imetoka 80 hadi 66. Hiyo ni sawa kweli?

Mzee wa Terminali
Ni nyingi. Kama prosesa yako ni Intel, kabla na baada ya kulala soma:

`sudo cat /sys/kernel/debug/pmc_core/slp_s0_residency_usec`

Namba isipopanda, mashine imefumba macho tu, haijalala. Ikiwa hivyo jaribu ile njia ya pili ya `d3cold_allowed`, uone ipi inakula kidogo. Pengine hautapata zote mbili, kuamka salama na betri nzuri. Mimi ningechagua kuamka.

Pwani_Root
Haijapanda hata moja. Sawa, nimebadilisha. Na d3cold_allowed 0 imetoka 80 hadi 73, na imeamka. Hiyo nachukua. Shukran mzee, Bi Kasuku pia.

fundi_wa_mtaa
Nakiri mbele ya wote kwamba nilisema zima uwashe. Sasa nina laptopu ya mteja, dalili zilezile za MfasiriDom, CSTS=0x1, femuwea nyingine kabisa. Nimeweka skripti, nimehakikisha GRUB haina `off`, nimeilaza kwa systemctl tangu saa sita mchana. Mteja anakuja saa kumi. Naogopa kuifungua.

MfasiriDom
Unsafe shutdowns zangu bado 43, wiki ya pili. Fungua.